Nyumba ya Desemba, mlinzi wa Machi

Kila Desemba, magari yanayopanda Milima ya Upare kuja kwetu Ngujini hunionyesha jambo lile lile. Yanatoka Dar es Salaam, Arusha na Morogoro yakiwa yamesheheni watoto, magunia ya mchele na zawadi za kina bibi. Yatazame kwa karibu: vioo vya pembeni vimechorwa namba ya gari, taa nazo zimechorwa, kifuniko cha tenki la mafuta kina kufuli lake, tairi la akiba limepigwa mnyororo. Mji umemfundisha mwenye gari. Anajua kuwa kwenye foleni za Dar es Salaam kioo huchomolewa huku dereva akitazama. Lakini gari hilo hilo likifika msibani au kwenye uwanja wa kanisa, huachwa kando ya njia madirisha yakiwa wazi, pochi juu ya kiti, ufunguo ukining'inia pale pale. Ukiuliza unajibiwa, "Hapa ni nyumbani."

Kisha itazame nyumba aliyoijenga mtu huyo huyo. Madirisha yana nondo nene, mlango ni wa chuma, ukuta umepandishwa juu na kumalizwa kwa vipande vya chupa. Mwaka mpya ukishaingia familia inashuka mlima, geti linafungwa kwa kufuli kubwa upande wa nje, na ufunguo unakwenda Dar es Salaam. Kuanzia hapo hadi Desemba nyingine, nyumba yenye sola, betri, tangi la maji, televisheni na mtungi wa gesi inabaki na chuma bila mtu.

Msimamo wangu ni huu. Kibaka, yule asiyepanga wizi bali anapita tu akaona kitu kimelegea, hazuiwi na chuma peke yake. Anazuiwa na macho ya watu, na alama iliyo juu ya mali, na mnunuzi anayekataa kununua. Hayo matatu tumeyaacha yafifie, na sisi tuliohama mlimani ndio tulioyaacha zaidi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya Desemba inahitaji mtu wa Machi, wa Juni na wa Septemba, na mtu huyo anastahili ujira.

Nasema haya kuhusu Ngujini, iliyoko Upare Kaskazini, wilayani Mwanga, lakini wa Same nao wasidhani hayawahusu. Kabla ya mgawanyo wa mwaka 1979 sisi sote tulikuwa wilaya moja ya Pare, na desturi ya kujenga mlimani na kuishi mjini ni yetu sote, kuanzia Usangi na Ugweno hadi Gonja na Mamba.

Kufuli linalotangaza safari

Kufuli lililoning'inia nje ya geti linamwambia kila apitaye kwamba ndani hakuna mtu. Taa ya barazani inayowaka saa sita mchana inasema hivyo hivyo. Majani yaliyoota hadi kwenye ngazi za mlango, mapazia yasiyosogezwa tangu Krismasi, ndizi zilizoivia mgombani hadi ndege wakazimaliza, yote hayo ni matangazo. Kibaka hana haja ya kupeleleza, anapita njiani akienda zake na anayasoma.

Kwa bahati nzuri, mengi kati ya haya yanarekebishika kwa gharama ndogo. Geti liwekewe kitundu cha kupitisha mkono ili kufuli likae kwa ndani. Taa ya nje iwe ya sola, ile inayojiwasha giza linapoingia au mtu anapokatiza mbele yake. Majani yakatwe, madirisha yafunguliwe mara moja kwa juma, moshi uonekane jikoni. Hilo la moshi wengine wataliona dogo, lakini kwa mtu anayetazama kutoka ng'ambo ya bonde, moshi ndio habari ya kwanza kuwa nyumba ina watu.

Kuna pia jambo la ukuta. Wazee wetu walizungushia makazi yao masale na miti. Aliyekuwa njiani aliona ua mzima, na aliyekuwa uani aliiona njia. Sasa tunapandisha ukuta wa tofali unaozidi kimo cha mtu, tukiamini tumejilinda. Tumejiuliza ukuta huo unamficha nani? Mwizi akishauruka mara moja, usiku mzima ni wake. Anaweza kufungua betri, akashusha paneli za sola, akapumzika na kuendelea, na jirani aliyelala hatua chache kutoka hapo asione kitu. Mimi ningependelea ua wa miti unaofika kifuani, uliokatwa vizuri, kuliko ngome.

Halafu milango yenyewe. Nimeona kufuli la bei kubwa limetiwa kwenye komeo lililoshikiliwa na skrubu nne zinazoonekana nje. Mwizi atagusa kufuli la nini? Anakuja na bisibisi tu. Komeo lifungwe kwa bolti zinazopenya mlango mzima, nati zikae ndani, au fundi alichomelee moja kwa moja. Bawaba zisiwe upande wa nje ambako pini zake zinagongwa zikatoka. Paneli za sola zifungwe kwa bolti ambazo fundi amezipiga vichwa zisishikike na spana, na betri iwekwe ndani ya sanduku la chuma lililoshikiliwa na sakafu. Na tafadhali, zile zana za ujenzi! Ngazi imeegemezwa ukutani, mtaimbo umelala chini ya mchongoma, nyundo na sururu viko karibu na tangi. Mtu aliyekuja mikono mitupu anakuta ameandaliwa vifaa vya kazi.

Hapa nina neno kwa mafundi wa kuchomelea. Upare ni nchi ya chuma tangu zamani. Wahunzi wa ukoo wa Washana kule Ugweno waliyeyusha chuma, na bidhaa zao zilivuka hadi Uchagani. Nyinyi ni warithi wa kazi ile, kwa hiyo msimjengee mteja jela. Kila dirisha likizibwa kwa nondo bila hata moja linalofunguka kwa ndani, moto ukianza sebuleni watoto waliolala chumbani watatokea wapi? Mkoa wetu wa Kilimanjaro una kumbukumbu ya Shauritanga, Rombo, ambako mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini. Kila nyumba iwe na dirisha moja lenye nondo za bawaba na kufuli la ndani, ufunguo wake ukae mahali ambapo hata mtoto wa miaka 7 anapajua gizani. Hakuna televisheni yenye thamani ya kumkosesha mtoto njia ya kutokea.

Mtu wa kawaida mbele ya mali isiyo na mtu

Tuna tabia ya kumzungumzia mwizi kana kwamba alizaliwa hivyo, kabila lake peke yake. Mtu akipoteza betri husema "wezi wamekuja", na macho hugeukia kijiji cha pili, wageni au vijana wa bodaboda. Ukweli unaniuma zaidi ya hapo. Wizi mwingi wa namna hii hufanywa na mtu wa kawaida aliyekuta kitu hakina mwangalizi siku ambayo mfukoni hana kitu.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikimbilia pale na ndoo, madumu na chupa. Hawakuwa genge la wahalifu. Walikuwa madereva wa bodaboda, wachuuzi, wapita njia, watu waliotoka nyumbani asubuhi ile wakiwa na nia ya kutafuta riziki halali. Walioshuhudia walieleza kuwa mmoja alikuwa akijaribu kung'oa betri ya lori pale moto ulipolipuka. Waliokufa walipindukia 100. Taifa liliomboleza, na likajiuliza maswali mengi kuhusu umaskini na elimu ya majanga. Mimi swali lililonibakia ni jingine: ni kitu gani kinamfanya mtu mwema aone mali ya mwingine iliyolala chini kuwa ni ya yeyote atakayewahi?

Nadhani jibu ni kwamba pale hapakuwa na mwenyewe anayeonekana, na kila mmoja aliona wengine wanachota. Ndivyo inavyokuwa kwa nyumba iliyofungwa miezi 11. Siku ya kwanza mtoto anaingia kuokota maembe. Hakuna anayesema neno. Mwezi unaofuata mtu anachukua kuni zilizopangwa nyuma ya jiko, kwa sababu "zinaoza tu". Kisha ni koki ya bomba, kisha bati moja lililobaki ujenzini. Anayekuja kuchukua paneli ya sola anakuta njia imeshakanyagwa na wengine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa kwanza ulikuwa maembe.

Nikisema hivi simtetei mwizi. Mama aliyenunua paneli moja kwa kudunduliza fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, akaibiwa, mtoto wake anarudi kusomea kibatari na deni la kikundi linabaki pale pale. Anayeilipa paneli hiyo kila juma, huku haipo tena juu ya bati, ana haki ya kukasirika. Ninachosema ni kwamba kama majaribu yanaumba mwizi, basi kupunguza majaribu ni kazi ya mwenye mali kabla haijawa kazi ya polisi.

Chini ya mlima, kando ya lami

Ukishuka kutoka Ngujini unakutana na barabara kuu, ile inayopita Hedaru, Makanya, Same na Mwanga kuelekea Moshi na Arusha. Huko wizi wa kuvizia una sura nyingine. Malori hulala kando ya lami, mengine yamebeba jasi kutoka Makanya kwenda viwanda vya saruji, na dereva na utingo wake wanalala ndani ya kichwa cha gari wakiwa wamechoka. Asubuhi wanakuta mafuta yamenyonywa kwa mpira, turubai limekatwa kamba, taa za nyuma za tela hazipo. Taa za nyuma zikikosekana hasara ya mwenye lori ni ndogo kuliko ya yule anayekuja nyuma yake usiku. Tela lisilo na taa wala viakisi mwanga, likisimama kwenye kona yenye ukungu, linaua. Anayeuza taa hiyo, na anayeinunua, afikirie hilo.

Tela hasa ni mali inayosahaulika. Gari lina ufunguo, lina usukani unaojifunga, pengine lina kifaa cha kufuatilia. Tela likishatolewa kwenye trekta au lori, ni fremu yenye magurudumu. Katika mabonde ya mpunga kama Ndungu, na katika tambarare za chini ya Upare, matela ya trekta huachwa shambani msimu mzima, bila namba, bila mnyororo. Lifungwe kufuli kwenye pini ya kuunganishia ili lisivutwe na trekta jingine. Mnyororo upite ndani ya fremu na kuzunguka mti ulio hai, si nguzo inayong'oka. Likikaa muda mrefu, ling'olewe gurudumu moja likahifadhiwe nyumbani. Na jina la mmiliki na kijiji viandikwe kwa rangi, herufi kubwa, ubavuni pande zote mbili, kisha vipigwe kwa nyundo na herufi za chuma mahali ambapo rangi haifiki. Rangi hukwanguliwa, lakini alama iliyopigwa kwenye chuma humsumbua mwizi hadi kwa mnunuzi.

Kwa gari dogo na pikipiki, mafundi umeme wa magari wanajua kuweka swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta au umeme wa kuwashia injini. Ni kazi ya muda mfupi na bei yake haifikii tairi moja. Kifaa cha kufuatilia ni kizuri, ila kinategemea mtandao wa simu, na sisi wa milimani tunajua mabonde yetu ambamo simu hukaa kimya. Usikitegemee peke yake. Bima nayo ieleweke vizuri. Wengi wetu tunakata bima ndogo kwa sababu ndiyo sheria inayoidai, halafu gari likiibiwa tunakwenda kwa wakala tukiwa na matumaini. Bima ndogo inamlipa yule uliyemdhuru. Hailipi gari lako lililoibiwa. Hata mwenye bima kubwa asome kama vioo, taa na redio vimetajwa ndani ya mkataba.

Kijana wa bodaboda ndiye anayeumia kuliko wote, na mara nyingi hatumwoni. Pikipiki aliyonayo ni ya mkataba. Anapeleka hesabu kila juma, na baada ya muda waliokubaliana inakuwa yake. Anaiegesha dakika chache ampelekee mteja mzigo mlangoni, akirudi haipo. Mwenye pikipiki anadai chake, mkataba haukusema chochote kuhusu wizi, na kijana anaanza kulipa chombo ambacho mwingine anakiendesha mahali fulani. Nawasihi wanaotoa pikipiki kwa mkataba: andikeni humo nani anabeba hasara ya wizi, nunueni kufuli la gurudumu pamoja na pikipiki, na mkubaliane wapi italala. Mnagawana faida, gawaneni na tahadhari.

Kesi ya kuku

Watani zetu Wachaga husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Wanasema kwa kucheka. Mimi nalichukua neno hilo kwa uzito wake, na nadhani lina heshima. Mtu anayekwenda kudai kuku wake anasema kwamba haki haipimwi kwa bei ya kilichoibiwa. Kwa bahati mbaya, siku hizi tumeanza kuiacha sifa hiyo. Koki ikiibiwa tunanunua nyingine. Betri ikiibiwa tunalalamika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, tunapeana pole, basi. Hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, hakuna aliyeandikisha polisi akapewa namba ya taarifa, yaani RB. Kwenye daftari la serikali kijiji chetu hakijaibiwa kitu, kwa hiyo polisi kata atapangaje doria?

Na hata ukienda, utaulizwa maswali yanayotushinda wengi. Televisheni ilikuwa na namba gani? Betri ilinunuliwa wapi, risiti iko wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari la shule, andika kila kifaa na namba zake, zipige picha, umtumie ndugu mmoja. Kwa simu bonyeza *#06# uandike namba inayotokea, kwani ndiyo inayowezesha simu iliyoibiwa kufungiwa. Chora jina la ukoo kwenye paneli, kwenye tangi, kwenye mtungi, kwenye jenereta. Ndivyo tulivyofanya kwa vioo vya magari mjini, na mantiki yake haikubaki mjini. Kitu chenye jina la mtu ni kigumu kukiuza, na kibaka anataka kuuza leo hii.

Hapo tunafika kwa mnunuzi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo zaidi. Paneli ya sola hailiwi. Mtu haichukui ili aipambe nyumba yake kijijini ambako kila mmoja atauliza ameipata wapi. Inachukuliwa kwa sababu yupo anayesubiri kuinunua nusu bei bila kuuliza. Yupo anayepita na mizani akinunua vyuma chakavu, na watoto wanamletea majembe, koki, mifuniko ya mashimo, hata vipande vya alama za barabarani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtambua mpokeaji wa mali ya wizi kuwa mkosaji kama alivyo mwizi. Lakini ni mara ngapi tumemwona mnunuzi akipelekwa mahakamani?

Wenzetu wa Kenya walifika pabaya. Januari 2022, baada ya nguzo kubwa za umeme kuanguka kwa sababu ya vyuma vyake kuibiwa na nchi kuingia gizani, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Mei mwaka huo ikafunguliwa kwa masharti mapya. Marufuku ya nchi nzima iliwaumiza wengi waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo kihalali, na sitamani tufike huko. Lakini walielewa kuwa mlango wa kuufunga ni ule wa kuuzia.

Sisi tunaweza kuufunga kwa kiwango cha kijiji bila kusubiri Dodoma. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, ambazo zikiidhinishwa na halmashauri ya wilaya zinakuwa na nguvu. Itungwe moja fupi: yeyote anayenunua vyuma chakavu au vifaa vilivyotumika ndani ya kijiji aripoti kwa mtendaji, awe na daftari lenye jina la muuzaji na kitongoji chake, na asinunue kutoka kwa mtoto. Mfanyabiashara mwaminifu hatapata tabu na sharti hilo. Asiye mwaminifu atakwenda na mizani yake kwingine, na vijiji vya jirani vitakuwa na sababu ya kutunga sheria kama yetu.

Nani analipwa kwa macho yake?

Tanzania ilijua siku nyingi kwamba ulinzi ni watu. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ulizaliwa wakati wa TANU. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini kupambana na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Mwaka 2006 ikaja Polisi Jamii. Kenya, baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013, ilianzisha mpango ikauita Nyumba Kumi, jina na wazo vikitoka kwetu.

Lakini ulinzi wa watu una ubaya wake na lazima usemwe. Yowe likipigwa usiku, watu hutoka na mapanga, na aliyeshikwa huenda asione asubuhi. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikiandika habari za mamia ya watu waliouawa na makundi yenye hasira. Miongoni mwao wamo waliofananishwa tu. Kijana aliyechukua betri amekosa, na kumwua kwa ajili ya betri ni kosa lisilorudishika. Katika kijiji kinachojua kwenda mahakamani kwa kesi ya kuku, aibu hiyo isiingie. Aliyeshikwa afungwe mikono, apelekwe kwa mtendaji, wazee wasimame kati yake na umati. Ndiyo maana nataka walinzi wanaojulikana kwa majina, wenye kiongozi, wenye orodha ya zamu iliyobandikwa ofisi ya kijiji, wala sio umati unaozaliwa na yowe.

Upare una mizizi ya jambo hili. Msaragambo, kazi yetu ya pamoja, ulijenga shule na barabara zetu, kila kaya ikitoa nguvu kazi. Maji ya ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia, yaligawanywa kwa zamu, na aliyevuruga zamu alijibu mbele ya wenzake. Kama tuliweza kupangiana zamu ya maji, zamu ya macho itatushindaje? Pa kuanzia panajulikana: siku za msiba. Kitongoji kizima kinakwenda kuzika, na nyumba zote zinabaki tupu kuanzia asubuhi hadi jioni, na kila mtu amesikia tangazo. Siku hiyo kila kitongoji kiache watu wawili wa kuzunguka, na mfiwa awahesabu kuwa wamehudhuria.

Kinachonisumbua ni fedha. Sisi wa mjini tunamwachia funguo shangazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi. "Shikamoo shangazi, utatuangalizia nyumba." Naye kwa upendo anaitikia, "Marahaba mwanangu, nendeni salama." Nyumba ikiibiwa tunampigia simu kwa sauti ya juu, tena wengine wanamshuku mjukuu wake. Tulimpa kazi ya mlinzi bila mshahara, bila tochi, bila hata salio la kupiga simu, tukaiita undugu. Kwenye makundi yetu ya ukoo tunachangia harusi, vipaimara na sare za msiba. Sijaona mchango wa mtu anayetembea kuzikagua nyumba zetu Machi, mvua zikinyesha na ukungu ukiwa umekaa mlimani siku nzima.

Wapo vijana hapa Ngujini wasio na kazi ya kudumu, wanaozijua njia zote na kila mbwa. Mmoja wao anaweza kushika nyumba kadhaa za ukoo: kukata majani, kufungua madirisha, kulala kwa zamu, kukagua bolti za sola, kutuma picha kila Jumapili. Alipwe kila mwezi kwa mkataba ulioandikwa, na shangazi abaki kuwa msimamizi wake mwenye malipo yake. Wapo watakaosema kijana huyo huyo ndiye atakayeiba. Kikulacho ki nguoni mwako, nalijua. Lakini kijana mwenye jina lake kwenye mkataba, mwenye ujira unaofika kwa wakati, na anayetaka apewe na nyumba ya jirani aitunze, ana cha kupoteza. Kijana yule yule akiachwa akae kijiweni akitazama nyumba tupu mwaka mzima, tumemwekea majaribu bila riziki.

Kwa hiyo naomba kikao cha ukoo cha Desemba hii, kabla ya kufika kwenye harusi ya mwakani, kiwe na jambo hili la kwanza. Ziandikwe nyumba zitakazobaki tupu. Achaguliwe mtu, akubali mwenyewe, mama yake awepo. Yatajwe malipo na nani anatuma tarehe ngapi. Nakala ya funguo na daftari la vifaa vikabidhiwe. Namba ya mtendaji, ya mwenyekiti wa kitongoji na ya polisi kata ziandikwe ukutani jikoni. Na malipo ya Januari yatolewe pale pale kikaoni, taslimu, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi.